MAUA YANAPOLALA: KUTUNZA MATUNGUU YA OKIDI NYUMBANI WAKATI WA KASKAZI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya kisiwani Mombasa na Mji wa Kale. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ili na vikundi vya vijijini viweze kuyasoma katika mikutano yao.)

Iliposemwa kwamba leo ni habari ya okidi, nilimsikia mama mmoja akinong'ona, "Maua tena? Sisi shida yetu ni maji na karo." Hakusema vibaya. Basi nitaanza na maji.

Chukua kikundi chenye vyungu 10 vya okidi. Ukikitilia kila chungu lita moja kila siku, kwa mwezi ni lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20. Kaskazi yavuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa miezi mitatu tu ya kiangazi, hiyo ni mitungi 45. Na nyote mwajua bei ya mtungi mmoja unapoletwa na mkokoteni mwezi wa pili, bomba likiwa kavu. Maji ya mji huu yatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere kule Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Hapa kisiwani penyewe tuna visima vya maji ya chumvi. Sasa sikilizeni: mitungi hiyo 45, kwa mimea iliyolala, haipotei bure tu. Ndiyo inayoiua.

Kila mwaka naona mambo mawili. Wengine wanaona majani yanakuwa manjano, wanaogopa, wanazidisha maji, na baada ya wiki tatu tunguu limekuwa uji. Wengine wanaona majani yameanguka yote, wanasema imekufa, wanaitupa. Pita vichochoro vya Mji wa Kale mwezi wa tatu, utaona udongo na vigae vimemwagwa jaani, na ndani yake matunguu mazima, magumu, yenye uhai. Kikundi kimenunua miche, kimeitunza mwaka mzima, halafu kinaitupa wiki chache kabla ya mvua.

Kulala maana yake nini? Okidi nyingi za sehemu zenye kiangazi kirefu zina ghala. Kwa baadhi yake ghala hilo ni shina lililovimba, liko juu, unaliona. Kwa nyingine liko chini ya udongo, kama kiazi. Ndani yake mmea umeweka maji na chakula. Ardhi ikikauka, mmea hauoni faida ya kuwa na majani, kwa sababu majani ndiyo yanayopoteza maji. Basi unayaacha yaanguke, na mizizi inaacha kufanya kazi. Mzizi uliolala haunywi. Ukiutilia maji, yanakaa pale pale, ukungu unaingia, na kuoza kunaanza chini ambako huoni.

Sasa tutazame ni okidi zipi, maana si zote zinazolala, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

Mwenyeji wetu ni okidi ya chui, ile ya maua ya manjano yenye madoa ya hudhurungi. Wataalamu wanaiita Ansellia africana, kwa jina la mtunza bustani Mwingereza, John Ansell, aliyeikuta kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko, mwaka 1841. Wazee wetu walikuwa wakiiona juu ya miti siku zote, akaja mgeni jina likawa lake, hayo tuyaache. Okidi hii inakaa juu ya miti kama mibuyu na mikoma. Haiunyonyi mti, imejishikiza tu. Mashina yake yanafanana na miwa midogo, na mizizi yake mingine inasimama juu kama sindano nyeupe, imefanya kama tundu la ndege. Tundu hilo linadaka majani makavu, yanaoza humo, na hicho ndicho chakula chake. Kwa hiyo mama usiikate ile mizizi ya sindano kwa kusema unausafisha mmea! Wala usikate mashina yaliyopoteza majani. Hayo ndiyo ghala, na maua yanaweza kutokea kwenye ncha zake.

Halafu kuna zile za ardhini. Jamaa ya Eulofia ni wengi Afrika Mashariki. Baadhi wana majani magumu yanayobaki mwaka mzima, wengine majani hufa kabisa na hakuna kinachoonekana juu ya udongo. Jamaa ya Habenaria nao hukauka mpaka chini. Okidi kama hizi za Habenaria zina jambo la ajabu: kila msimu mmea unafanya kiazi kipya pembeni ya kile cha zamani. Cha zamani kinasinyaa kwa sababu kimeliwa, kipya kinajaa. Ukifukua utakuta viwili, kimoja kimekunjamana na kingine kigumu. Usitishike. Hata jina la okidi lilitokana na umbo la viazi hivyo viwili, kwa Kigiriki. Sitalitafsiri hapa, muulizeni mwalimu wa baiolojia.

Kundi la tatu ni zile ambazo hazina ghala lolote: Vanda, zile za majani mapana ya kulala zinazouzwa madukani zikiwa na maua meupe au ya zambarau, okidi zetu ndogo nyeupe zinazonukia usiku, na hata vanila, maana vanila nayo ni okidi. Hizo hazilali namna hii. Ukizinyima maji miezi mitatu zitakufa kweli. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, tazama: ina tunguu au haina? Kama haina, haya ninayoyasema leo si yake.

Mtu ataniuliza, nitajuaje kama imelala au imekufa? Tumia kidole. Bonyeza tunguu. Likiwa gumu, lina uhai. Likiwa gumu lakini limekunjamana kidogo kama ukwaju, bado lina uhai, ila lina kiu. Likibonyea na kutoa maji ya kahawia yenye harufu, limeoza. Likate upesi kabla halijaambukiza jirani yake. Likiwa jepesi, tupu ndani kama ganda la karatasi, hilo limekwisha. Tazama pia namna majani yalivyokufa. Mmea unaolala huanza na majani ya zamani, moja moja, polepole. Mmea unaooza majani huwa meusi kwenye shina, tena hata yale machanga.

Basi vuli ikikatika, mara nyingi mwezi wa kumi na mbili, na majani yakianza kugeuka, punguza maji. Usikate ghafla. Kama ulikuwa ukitia kila siku, tia kila baada ya siku tatu, halafu mara moja kwa wiki. Majani yakishaanguka, okidi ya chui iachie nusu kikombe cha chai kila siku kumi, asubuhi, umwage pembeni mwa chungu na siyo katikati ya mashina. Hicho ni cha kuzuia isikunjamane sana. Pigeni hesabu: kwa vyungu 10, miezi mitatu, ni kama lita 11. Haujai hata mtungi mmoja. Mbolea usitie kabisa, hata ile ya maji ya samadi tunayoisifu siku zote.

Za ardhini ambazo zimekauka mpaka chini, hizo usizipe maji hata kidogo. Una njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda mimi, ni kuziacha ndani ya chungu chake. Udongo ukauke, chungu kiwekwe mahali pakavu, uandike jina na mwezi kwenye kipande cha mti ukichomeke. Kuandika ni lazima. Chungu kisicho na jani na kisicho na jina, mtoto atapanda pilipili ndani yake, nanyi mtagombana.

Ya pili ni kufukua. Hii yafaa kama chungu kimevunjika, au udongo umeoza, au unahama nyumba. Subiri majani yakauke yenyewe, usiyavute. Fukua kwa mkono, siyo kwa jembe dogo. Pangusa udongo kwa brashi laini, usioshe. Yaanike matunguu kivulini siku mbili au tatu. Kama kuna kidonda, paka unga wa makaa au unga wa mdalasini. Mdalasini wa Marikiti unatosha, hauhitaji dawa ya dukani. Ila usiupake kwenye mizizi iliyo hai, maana unaikausha. Kisha yapange kwenye kikapu au sanduku la mbao, yasigusane, katikati yake uweke vumbi la makumbi lililokauka au mchanga mkavu wa mtoni. Nasema wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi, usiniambie umeuosha.

Mfuko wa nailoni tafadhali hapana. Mombasa hewa yetu ina unyevu hata jua likiwa kali. Tunguu ndani ya nailoni linatoka jasho, na kesho yake kuna ukungu. Karatasi au kikapu ndiyo sawa, mradi kisikae chini sakafuni penye mchwa.

Sasa mahali pa kuweka. Vitabu vingi vya okidi vimeandikwa Ulaya, na pale utasoma kwamba matunguu yawekwe mahali pa baridi mpaka baridi kali ipite. Kuna okidi za milima ya Himalaya ambazo huko wanaziweka kwenye ubaridi wa nyuzi chache tu. Mama akisoma hivyo, au binti yake aliyeko ng'ambo akimwambia kwa simu, analichukua tunguu lake analitia kwenye friji kando ya maziwa. Okidi za pwani yetu hazijui baridi hiyo. Chini ya nyuzi 10 zinaweza kuumia. Sisi kinacholaza mmea ni ukavu, na msimu wake ni kaskazi. Hata miezi ni tofauti: Novemba kule wanaingiza mimea ndani, hapa Novemba ni vuli, mmea unakula na kunywa.

Wenye nyumba za zamani za Mji wa Kale mna bahati. Zile kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinaweka chumba cha chini kikiwa hakina joto la ghafla. Chini ya ngazi, mahali penye upepo kidogo, ndipo pa kuweka za ardhini. Zikiwa hazina majani hazihitaji mwanga. Okidi ya chui ni mbali: hiyo yataka mwanga hata ikilala, basi iache kwenye roshani au ukumbi wa uani, jua la asubuhi liipate na la mchana lisiipate. Ikiwa roshani yako yatazama bahari moja kwa moja, isogeze nyuma ya ukuta, upepo wa kaskazi unaleta chumvi. Wanaokaa nyumba za mabati, msiweke chochote juu ya dari. Pale panakuwa tanuri.

Usiweke pia chumba kimoja na ndizi au maembe yanayoivishwa. Tunda linaloiva linatoa hewa yake, na hewa hiyo inaharibu machipukizi na vichwa vya maua.

Panya wanapenda viazi hivi, kwa hiyo kikapu kifunikwe kwa wavu. Kila wiki mbili fungua, kagua, bonyeza. Ukiona wadudu weupe kama unga kwenye maungio, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, halafu ukaushe. Kazi ya dakika kumi. Kikundi kinaweza kupeana zamu.

Na visahani vya chini ya vyungu viondoeni, jamani. Tulikuwa na mlipuko wa dengi hapa Mombasa mwaka 2013, na chikungunya ikatupiga kuanzia mwisho wa 2017 mpaka 2018. Mbu anayeleta maradhi hayo anauma mchana na anazaa kwenye maji machache ya nyumbani: kopo, tairi, kisahani cha ua. Mmea uliolala hauhitaji kisahani. Pipa la maji ya mvua nalo lifunikwe vizuri.

Nafika kwenye kuamsha, na hapa ndipo wavumilivu wa miezi mitatu wanapoharibu kazi yao kwa siku moja. Mvua ya kwanza inanyesha mwezi wa tatu, watu wanafurahi, wanatoa vyungu vyote uani vinyeshewe. Subirini kwanza. Tunguu linaamka lenyewe, kwa saa yake. Utaona ncha ya kijani inatoka chini. Bado usitie maji mengi, kwa sababu hiyo ncha inaishi kwa ghala, haina mizizi. Ikifika urefu wa kidole cha mkono, mizizi mipya nayo ikaonekana, nyeupe yenye ncha ya kijani, ndipo unaanza: kidogo wiki ya kwanza, zaidi ya pili. Masika yakishika vizuri, mwezi wa nne na wa tano, mmea unakunywa kila unachopata. Mbolea nyepesi wakati huo ndiyo inafaa, maana sasa linajengwa tunguu la mwaka ujao.

Kabla tu haijaamka sana ndio wakati wa kubadilisha chungu. Za juu ya miti zipandwe kwenye makaa, vipande vya makumbi na vigae. Udongo wa shamba utaziua. Makumbi yaloweke kwenye maji matamu siku kadhaa, ukibadilisha maji, hasa kama yalifukiwa pwani. Vipande vya matumbawe usitumie, vina chokaa na chumvi. Na kama maji yenu ni ya kisima, yaonjeni. Yakikolea chumvi mdomoni, au yakiacha ukoko mweupe kwenye sufuria, msiyape okidi. Kingeni ya mvua. Mwageni ya dakika za mwanzo, ina vumbi na mavi ya kunguru.

Wakati huo huo ndio wa kugawa, na hapa ndipo penye pesa ya kikundi. Fundo lenye mashina manane unaweza kuligawa mawili. Kila kipande kiwe na mashina manne, au matatu kwa uchache. Ukigawa moja moja utapata miche mingi inayokaa miaka bila ua, na mteja hatarudi. Sitawadanganya kwamba okidi itajenga nyumba. Ni kazi ya polepole. Mwenye haraka apande asumini na mrehani, soko la vikuba halijafa. Lakini okidi iliyogawanywa nyumbani, yenye mizizi mipya, inauzwa mara nyingi zaidi ya bei ya mche wa kawaida, na mama yule hajanunua kitu.

MASWALI

Kijana mmoja aliuliza kwa nini wasumbuke kugawa, wakati okidi ya chui iko bure msituni.

Mwanangu, haiko bure. Okidi zote duniani ziko chini ya mkataba wa CITES, na Kenya imo. Hata kumpelekea shangazi London mche mmoja ndani ya sanduku la nguo, bila kibali na bila cheti cha KEPHIS, utanyang'anywa. Misitu ya kaya za Mijikenda, wazee wanaikataza tangu zamani, na mwaka 2008 iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Okidi ya chui yenyewe imeshahesabiwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini, na kung'olewa kwa ajili ya kuuzwa ni sababu mojawapo. Tazameni nyanda za juu kusini mwa Tanzania: viazi vya okidi vilichimbwa kwa magunia vikauzwa Zambia, ambako hutwangwa pamoja na karanga kufanywa chakula kinachoitwa chikanda. Sehemu nyingine hata mbegu haikubaki. Uwanda wa Kitulo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kuyalinda maua hayo ndiyo sababu kubwa. Halafu sikiliza la biashara: fundo lililong'olewa mtini limekatwa mizizi, mara nyingi linasinyaa na kufa mikononi mwa mteja. Mteja huyo atakusema mtaa mzima.

Bibi mmoja wa Kibokoni aliuliza kama okidi yake iliyolala tangu Januari na haijatoa ncha mpaka mwezi wa tano imekufa.

Bibi yangu, ulibonyeza? (Akajibu: ngumu.) Basi haijafa. Nyingine zinachelewa, hasa zikigawanywa. Weka tunguu hilo kwenye makumbi yenye unyevu kidogo tu, kivulini penye joto, na usilitie kwenye jua ukidhani utaliharakisha. Lipe mpaka mwisho wa masika.

Mama mmoja kutoka Likoni aliuliza kama njia hii yafaa kwa mbegu ya tangawizi na manjano.

Yafaa, tena sana. Majani yakikauka chimba, chagua vipande vinene visivyo na kidonda, vianike kivulini, viweke kwenye mchanga mkavu wa mtoni penye hewa. Tofauti ni kwamba tangawizi inakauka upesi kuliko okidi, basi kila wiki mbili nyunyiza mchanga maji kwa vidole, kama unavyonyunyiza nguo ya kupiga pasi. Mvua zikikaribia na macho yakivimba, kata vipande vyenye jicho moja au mawili, acha kidonda kikauke siku mbili, halafu panda.

Mwenyekiti ameniashiria saa. Wenye mafundo ya kugawa wayalete wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu, na kila mmoja aje na kisu chake kilichopitishwa motoni, makaa, na makumbi yaliyokwisha kulowekwa.